Nina milioni mbili na nusu, ninunue alto gani?

"Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, napiga alto saksofoni kwenye kwaya yetu Kimara, huu ni mwaka wa nne. Chombo changu ni cha Kichina, nilikinunua kipya Kariakoo kwa laki saba na nusu. Siku hizi noti za chini hazitoki mpaka nipulize kwa nguvu, na zikitoka zinakoroma. G shapu inanata, hasa wakati wa masika. Mwalimu wangu anasema sasa nitafute saksofoni ya daraja la kati. Kikoba chetu kinavunjwa mwezi ujao, nitakuwa na Tsh 2,500,000. Kuna kaka mwenye duka ananiuzia Yamaha YAS-62 mpya, nyeusi, kwa milioni moja na laki nne, anasema nyeusi ina sauti nzito kuliko ya rangi ya dhahabu. Rafiki yangu anasema nisinunue isiyo na kitufe cha F shapu ya juu. Mwingine anasema Selmer ni Selmer hata iwe kuukuu. Sitaki kupoteza hela ya kikoba. Unanishauri nini?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza ununue ipi, lakini kwenye maelezo yako kuna swali la pili, nalo ndilo nataka tuanze nalo: hiyo uliyonayo inaumwa nini? Usipolijibu hilo, utanunua nyingine, na baada ya mwaka na nusu utaniandikia tena kwamba noti za chini zinakoroma.

Saksofoni ni bomba la shaba, jembamba shingoni, linalopanuka hadi kwenye kengele, yaani ule mdomo mpana wa mwisho. Limetobolewa matundu zaidi ya 20. Kila tundu lina kifuniko, na ndani ya kifuniko kuna pedi iliyovikwa ngozi. Ukiachia kifuniko, hewa inapata pa kutokea, na bomba linakuwa fupi kama limekatwa pale pale. Ukiviziba kimoja kimoja kwenda chini, bomba linarefuka na sauti inashuka. Kwa hiyo ili B flati ya chini kabisa itoke, bomba zima kuanzia shingoni hadi kwenye kengele lazima lizibwe sawasawa. Pedi moja ya juu ikiacha upenyo wa unene wa karatasi, noti za kati zitatoka bila shida, D ya chini itaanza kusitasita, na B itakoroma au itaruka oktavu, yaani itatoka noti ileile ya juu zaidi. Mpigaji anazilaumu noti za chini, kumbe hewa inavujia juu, chini ya kidole chake cha kwanza au cha pili.

Sasa angalia kinachofuata. Noti haitoki, unabana vidole. Kwenye saksofoni za bei ya chini kabisa, mikono ya vifuniko imetengenezwa kwa shaba laini. Ukiibana kila siku inapinda kidogo kidogo. Ikipinda, pedi haikai tena sambamba na tundu, inavuja zaidi, nawe unabana zaidi. Ndiyo maana saksofoni nyingi za namna hiyo zinapendeza mwaka wa kwanza na kuchosha mwaka wa tatu. Unapolipa zaidi, sehemu kubwa ya hela yako inanunua kitu hiki kimoja: vifuniko ambavyo fundi akiviweka sawa leo, mwakani utavikuta palepale. Sauti tamu na nakshi za kengele ni mambo ya baadaye.

Kuhusu G shapu, hiyo ni habari tofauti, na nakuomba uielewe vizuri kwa sababu inawafanya watu wengi wauze vyombo vizima. Vifuniko vingi ukivibonyeza, kidole chako ndicho kinachovisukuma. Cha G shapu hakiko hivyo. Ukibonyeza kitufe chake kwa kidole kidogo cha kushoto, unachofanya ni kuondoa mkono unaokikandamiza tu. Kinachokiinua ni springi yake yenyewe, na springi hiyo ni dhaifu kwa makusudi. Pedi ikiwa na mate yaliyokauka au unyevu wa masika, springi haina nguvu ya kuibandua. Hata saksofoni ya bei kubwa inafanya hivyo hapa Dar, kwenye joto na hewa yetu ya baharini. Dawa yake ni ndogo: usinywe soda wala juisi kabla ya kupiga, pitisha kitambaa ndani ya bomba kila unapomaliza, kisha weka karatasi ya kusokotea sigara chini ya pedi, kifunike taratibu, halafu ivute polepole. Rudia mpaka itoke kavu. Usipake poda, inachanganyika na unyevu na kuwa tope.

Na wewe G shapu unaihitaji kuliko mpigaji wa bendi ya matarumbeta. Alto iko kwenye E flati, kwa hiyo kinanda kikiwa G wewe unapiga E, kikiwa D wewe unapiga B. Wapiga gitaa wa kwaya wanapenda G na D, wakati mwingine E, na hiyo E kwako inakuwa C shapu, yenye shapu saba. Maana yake kidole chako kidogo cha kushoto kinashinda kwenye lile kundi la vitufe vya G shapu, C shapu, B na B flati. Utakapojaribu chombo, anza na mahali hapo. Kama vitufe hivyo ni vizito, viko mbali na kidole, au ukitoka G shapu kwenda C shapu ya chini kidole kinakwama, usikinunue hata kama kengele yake inang'aa kama kioo.

Sasa niyapitie uliyoambiwa.

"Daraja la kati" ni maneno ya biashara. Hakuna chombo cha serikali wala cha muziki kinachopima saksofoni na kuigonga muhuri wa daraja. Kampuni moja inaita ya kati kile ambacho nyingine ingekiita cha wanafunzi. Yamaha ina YAS-280 kwa wanaoanza, YAS-480 katikati na YAS-62 kwa wazoefu, na kwao ngazi hizo zina maana kwa sababu kampuni ni moja na kipimo ni kimoja. Lakini alto ya wanafunzi ya Yamaha, iliyotunzwa, ni bora kwa mbali kuliko alto nyingi zisizojulikana zilizoandikwa "professional" kwenye kengele. Nadhani mwalimu wako alimaanisha chombo kisichokuzuia. Tukiitafsiri hivyo, nafasi yako inapanuka sana.

Hiyo YAS-62 mpya ya milioni moja na laki nne usiinunue. Nje ya nchi YAS-62 mpya inauzwa zaidi ya dola 2,500, yaani zaidi ya milioni sita kabla hujagusa usafiri na kodi. Hakuna namna halali ya kuipata mpya, ndani ya boksi, kwa bei ya chini ya robo. Saksofoni bandia zenye majina ya Yamaha, Selmer na Yanagisawa zipo, na nakshi zao zinaiga vizuri. Inawezekana huyo kaka naye aliuziwa akaamini, simhukumu. Lakini mwaka jana mama mmoja aliniletea ya namna hiyo, aliinunua kwa mkopo ili mwanawe apige kwenye harusi. Nilipoipitisha taa ndani, mwanga ulikuwa unatoka kwenye vifuniko sita. Niliinyoosha. Baada ya miezi miwili ikarudi vilevile, shaba ni laini mno. Sikupenda kumwambia yule mama nilichomwambia.

Rangi nyeusi haikupi sauti nzito. Laka ni utando mwembamba sana juu ya shaba. Uzito wa sauti unatoka kwenye mdomo wako, pumzi yako, mausipisi (kile kipande unachoweka mdomoni), ridi (ule ubapa mwembamba unaotetemeka juu yake), na pedi zisizovuja, kwa mpangilio huo. Chagua rangi unayoipenda, lakini usiilipie hata elfu kumi ya ziada.

F shapu ya juu ni kitufe kizuri kuwa nacho, basi. Yamaha YAS-23 nyingi hazina, na zimelea wapigaji dunia nzima. Noti hiyo inapatikana pia kwa vidole vingine, na mwalimu wako anaweza kukuonyesha kwa dakika kumi. Kwenye nyimbo za kwaya utaihitaji mara chache mno.

Kuhusu Selmer, jina hilo moja linabeba viwanda viwili. Kuna Henri Selmer ya Paris, Ufaransa, mji uleule ambako Adolphe Sax alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1846, na vyombo vyake vya zamani kama Mark VI vinauzwa kwa maelfu ya dola. Halafu kuna Selmer ya Marekani, iliyotengeneza alto za wanafunzi zinazoitwa Bundy. Bundy II ni ngumu, inavumilia, nimezitengeneza nyingi na ninaziheshimu, ila vitufe vyake vya kidole kidogo ni vizito kwa mtu anayeshinda kwenye shapu nne na tano. Ukiambiwa "hii ni Selmer", uliza ya wapi. Bei ya Paris isilipwe kwa Bundy.

Basi, milioni mbili na nusu inafika wapi? YAS-280 mpya nje ya nchi inazidi dola 1,000, na ukiongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya 18% utakuwa umevuka bajeti. Kwa hiyo mpya ya jina linaloaminika tuiweke kando. Kinachokufaa ni iliyotumika: Yamaha YAS-23, YAS-25 au YAS-275, au Jupiter ya Taiwan. Nje ya nchi YAS-23 iliyo katika hali nzuri huuzwa kwa kawaida kati ya dola 500 na 800. Taiwan wana mji wa Houli ambao kutengeneza saksofoni ni kazi ya ukoo kwa ukoo, na zipo alto nzuri kutoka huko zenye majina yasiyojulikana hapa kwetu. Ukikutana na moja, ipime kwa kupiga.

Ningekuwa wewe, hela ningeigawa hivi: isizidi milioni moja na laki nane kwa chombo, laki nne au tano kwa fundi, na inayobaki kwa mausipisi na ridi. Hela ya fundi usiiguse. Saksofoni iliyotumika karibu kila mara inahitaji pedi kadhaa, koki mpya ya shingo (lile gamba laini linaloshika mausipisi) na kunyooshwa. Mtu anayemaliza akiba yote kwenye chombo analeta nyumbani Yamaha inayovuja, na Yamaha inayovuja haina tofauti na hiyo uliyonayo.

Kama ndugu yuko nje na anaweza kukuletea, pigeni hesabu ya forodha kabla hajanunua. Waulizeni TRA moja kwa moja, msitegemee maneno ya mtu aliyepita uwanja wa ndege bila kuulizwa. Na aje nayo mkononi. Saksofoni iliyopakiwa vibaya kwenye mzigo inafika na bomba lililopinda.

Tufike kwenye kuijaribu, maana hapa ndipo hela inapookolewa. Nenda mchana, mahali tulivu, na mausipisi yako na ridi uliyoizoea, ili kitu kigeni kiwe kimoja tu. Kabla hujapuliza, shika bomba kama unavyolenga kwa bunduki, tazama kwa jicho moja kutoka juu hadi chini. Likiwa na kona, acha. Tazama shingo kwa ubavu: ikiwa imeshuka au imebonyea chini ya mkunjo, kuna mtu aliibana kwa nguvu. Ichomeke bila kukaza skrubu. Inapaswa kuingia kwa ukinzani kidogo, isichezecheze. Angalia pale kengele inaposhikana na bomba. Mbonyeo hapo ni alama ya kuanguka. Tikisa vifuniko kwa vidole kushoto na kulia, vikigongana kama meno yaliyolegea ujue vyuma vyake vimelika. Springi zile nyembamba kama sindano zikiwa na kutu nyekundu, hesabu gharama ya kuzibadili, maana hewa ya bahari haizionei huruma.

Kisha piga. Anza G ya kati, shuka noti kwa noti hadi B flati ya chini, kwa sauti ndogo. Nasisitiza sauti ndogo, kwa sababu nguvu inaficha kuvuja. Noti ya kwanza itakayositasita inakuonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Halafu piga D ya chini, ukiwa umeishika bonyeza G shapu. Sauti isibadilike hata kidogo. Ikikoroma, skrubu moja ndogo haijakaa sawa, hilo fundi analimaliza kwa dakika tano na usilikatie tamaa. Baadaye shika G ukibonyeza na kuachia kitufe cha oktavu haraka haraka huku ukitazama shingo. Kifuniko cha shingoni kisiinuke kwenye G. Kiinuke kuanzia A kwenda juu. Kikiinuka kwenye G, huenda shingo ilipindishwa.

Mwisho, washa programu ya kupima sauti kwenye simu. Usiogope ukikuta D ya kati imepanda kidogo na C shapu ya wazi imeshuka kidogo. Karibu saksofoni zote ndivyo zilivyo, na mdomo unazirekebisha. Ogopa pale ambapo noti moja inapishana na jirani yake kiasi kwamba huwezi kuivuta bila kuumia taya.

Mausipisi. Kama bado unatumia ile iliyokuja na chombo chako cha Kichina, ningeibadilisha wiki hii, kabla ya kikoba kuvunjwa. Yamaha 4C ni ya bei ndogo na ni sahihi, nimewaona watu wakifikiri wamebadilishiwa saksofoni. Ukitaka kupanda zaidi, Selmer S80 yenye alama ya C* inafaa sana kwa kwaya. Tumia ridi namba 2 au 2½, na uwe nazo tatu za kubadilishana.

Kuna mambo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Nguzo ya kifuniko iliyong'oka, bomba lililopinda, shingo isiyokaa, hayo yanataka kushikwa na mtu anayejua. Usijaribu kuyanyoosha kwa koleo nyumbani. Kama hapo ulipo huna fundi, waulize wapigaji wa bendi za Polisi, Magereza au JWTZ. Vyombo vyao vinapigwa kila wiki kwenye jua na mvua, nao wanajua nani anavitengeneza. Walimu wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, wanaweza pia kukusindikiza kwenye kujaribu. Na kama kidole gumba cha kulia kinakufa ganzi au shingo inakuuma siku ya pili baada ya mazoezi, badili mkanda na umwonyeshe mwalimu namna unavyosimama. Ganzi isipoondoka, muone daktari. Alto ina kilo mbili na nusu hivi, na ibada zenu Jumapili si fupi.

Wiki hii fanya mawili. Mwambie yule kaka hapana, na usimwachie kianzio chochote. Halafu peleka hiyo uliyonayo kwa fundi, mwombe aipitishe taa ndani kwenye chumba chenye giza, nawe usimame pale uangalie mwanga unatokea wapi. Kama ni pedi mbili au tatu za juu, itengeneze tu, itakuvusha mpaka upate YAS-23 iliyo sawa bila haraka, na utaiuza au kumpa kijana anayeanza kwenye kwaya yenu. Ukipata ya kununua, nitumie picha ya shingo kwa ubavu, picha ya mshikio wa kengele, na sauti uliyorekodi ukishuka kutoka G hadi B flati taratibu. Nitakujibu kabla hujalipa.